Kifafa cha mimba Msambweni, miaka ya hamsini: mgonjwa tuliyemtia ndani kama mwari

Wakuu, nawaamkia nyote, wakubwa kwa wadogo. Wanaonizidi umri humu jukwaani sidhani kama wapo, lakini wakiwapo, shikamooni.

Juzi nilisoma hapa uzi wa kijana aliyelalamika kwamba wauguzi walimtoa wodini kwa sababu alikuwa akizungumza na simu kando ya kitanda cha mkewe mwenye presha ya mimba. Wachangiaji wengi waliwalaumu wauguzi. Nikaona si vyema kujibu kwa mistari miwili. Kisa ninacho, na kina haki ya kuelezwa kwa utaratibu.

Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu. Niliyosimuliwa, nitasema nilisimuliwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, kwa kuwa wajukuu wao wapo na huenda wengine wanasoma hapa.

Nianze na hali ilivyokuwa kabla ya jambo lolote kutokea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru ukiwa bado. Mimi ni mzaliwa wa Gazi, binti wa mwalimu wa chuo. Babangu alinisomesha Kurani na Kiarabu kabla sijaijua herufi moja ya Kizungu. Baadaye nilipelekwa Mombasa kusomea uuguzi na ukunga, nikarudishwa pwani ya kusini kufanya kazi katika hospitali upande wa Msambweni.

Majengo yalikuwa machache, yenye kuta za chokaa na baraza pana. Njia baina ya wodi na wodi zilimwagwa kokoto za matumbawe, ambazo kila mtu akipita zililia chini ya viatu vyake kama mtu anayetafuna bisi. Zikumbukeni kokoto hizo.

Daktari alikuwa mmoja, na mara nyingi alikuwa safarini kukagua zahanati, hata hadi Lunga Lunga. Akiondoka, mkubwa wetu alikuwa Sista, Mwingereza wa makamo, mwenye Kiswahili cha kuulizia maumivu na kuagizia maji ya moto. Barabara ya kwenda Mombasa ilikuwa ya udongo, na mwisho wake kulikuwa na kivuko cha Likoni. Mgonjwa mahututi hakupelekwa popote. Ambalo halikuwezekana kwetu, halikuwezekana.

Wagonjwa wetu walikuwa wakata miwa wa Ramisi wenye majeraha na homa ya mapafu, watoto wa malaria, watu wa bara waliopauka midomo kwa safura. Upande wa wazazi tuliogopa kutoka damu, tuliogopa homa ya uzazi, na zaidi ya yote tuliogopa kifafa cha mimba.

Kwa wasioujua: ni ugonjwa wa mwenye mimba au aliyetoka kujifungua. Presha hupanda, uso na miguu huvimba, kichwa huuma, macho huona ukungu. Kisha mwili mzima hukakamaa na kutikisika, na mgonjwa hupoteza fahamu. Katika mafunzo yetu ya zama hizo, dawa ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa utulivu. Tulifundishwa kwamba mlango ukibamizwa, beseni likianguka, mwanga ukimpiga machoni, hayo yaweza kuuamsha mshtuko mwingine, na kila mshtuko ni hatua moja kuelekea kaburini, kwa mama na kwa mwana.

Sasa tazameni desturi zetu. Mgonjwa kwetu hujuliwa hali, na asiyekuja kumjulia hali atakumbushwa mpaka siku yake ya kufa. Mtikisiko wa mwili wengi waliuhesabu kuwa pepo, na pepo hupungwa kwa ngoma na ubani. Mtoto akizaliwa, wanawake hupiga vigelegele.

Zote tatu ni sauti.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa.

Asubuhi moja walikuja watu kutoka Munje, wamembeba binti juu ya kitanda cha kamba. Nitamwita Mwanasiti. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na miezi ilikuwa imekaribia kutimia. Mamake, Bi Mwanakombo, alikuwa akitembea ameshika mguu wa kitanda, kana kwamba wachukuzi wangeweza kumkimbia.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu ameanguka jikoni, akatikisika kama kuku aliyechinjwa. Ametikisika tena njiani. Mtazame macho."

Uso wa Mwanasiti ulikuwa umevimba hata macho yalikuwa kama mikato miwili ya wembe. Nilipombonyeza mguuni, kidole changu kiliacha shimo. Sista alipima presha, akaipima tena. Nilichukua mkojo kidogo katika bomba la kioo nikauchemsha juu ya taa ya spiriti. Uliganda ukawa mweupe, kama ute wa yai unaoingia katika maji ya moto. Hatukuhitaji ushahidi mwingine.

Tulikuwa na chumba kidogo mwisho wa baraza, kilichokuwa cha kuwekea mashuka. Tukayatoa mashuka, tukaingiza kitanda, tukaziba dirisha kwa blanketi la rangi ya giza. Tulimlaza ubavu, kichwa chini kidogo, ili mate na povu vitoke nje visiingie mapafuni. Kandokando tulipanga mito asije akajigonga. Sista alimchoma sindano ya dawa ya usingizi, ile yenye harufu kali ambayo ukiibeba mkononi unaisikia hadi kesho.

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili chake: "Wewe kaa hapa. Hapana toka."

Nikakaa.

Hapa nitoe maelezo kidogo kwa wadau wa afya. Mengi tuliyoyafanya leo hamyafanyi. Tuliweka mezani kijiko kilichozungushiwa kitambaa, tayari kwa meno. Leo mnajua kwamba kijiko huumiza kuliko kuokoa. Dawa mnayotumia sasa ni bora kuliko yetu. Sina ugomvi na hayo. Lakini namna ya kumkalia mgonjwa haijabadilika: mikono iwe na joto kabla ya kumgusa, kila kazi ifanywe kwa pamoja wakati dawa imemlevya, asishtuliwe mara kwa mara. Viatu nilivivua. Saa niliisoma kwa kuielekeza kwenye ufa wa mlango.

Mshtuko wa tatu niliushuhudia nikiwa naye peke yangu. Ulianza na ukope. Ukope wa kushoto ulichezacheza, kisha mdomo ukavutika upande, kisha mwili wote ukawa kama ubao. Pumzi ikasimama. Uso ukaingia weusi. Kisha akatikisika, nami nimemshika bega nisimkandamize, ninahesabu kwa Kiarabu kimyakimya kwa sababu ndiyo hesabu niliyofundishwa kwanza na hainiponyoki nikiogopa. Akapoa. Pumzi ikarudi kwa mkoromo mzito. Nikampangusa povu, nikamgeuza ubavu wa pili, nikamsikiliza mtoto tumboni kwa ile pembe ya mbao ya wakunga. Moyo wa mtoto ulikuwa upo, lakini ulikuwa unakwenda polepole kuliko nilivyotaka.

Wakati huohuo nikasikia kokoto.

Hazikuwa nyayo za mtu mmoja. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Nusu ya Munje ilikuwa imefika. Wanawake wenye leso na vikapu, wenye uji katika madumu, wenye watoto mgongoni, wote wanakuja kumjulia hali mgonjwa, na wote wanazungumza. Mbele yao alikuwa Bi Mwanakombo, na pembeni yake Bi Riziki.

Bi Riziki alikuwa somo wa Mwanasiti, yaani yule mwanamke anayemfunda msichana anapovunja ungo na kumsimamia mpaka anapoolewa. Alikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali, na watu wa Munje walikuwa wakimwogopa kwa namna ya mapenzi.

Nilitoka, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikausimamia. Niliuacha ufa wa kutosha kumwona mgonjwa.

"Tupishe tumwone," akasema Bi Mwanakombo.

"Mama, hawezi kuonwa. Kelele zitamrudishia mtikisiko. Nakuomba uwaambie wateremshe sauti."

"Kelele? Hawa ni watu wake. Umemtia mwanangu gizani, peke yake, kama maiti anayengoja kuoshwa, halafu watu wake unawaita kelele?"

"Hayuko peke yake. Niko naye mimi."

"Wewe ni nani wake?"

Nikaushika mlango kwa mkono wa nyuma.

Akasogea karibu, akaongea kwa sauti ya chini zaidi, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. "Sikiliza, binti. Alikuwa na dada yake. Alianguka hivihivi, mimba hivihivi. Tulikaa siku nzima tukisema atapoa. Ngoma ilipoletwa alikwisha kata roho. Watu walisema tulichelewa. Nimelala na neno hilo miaka yote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Leo sichelewi. Wapiga ngoma wamekwisha kuitwa, na kitanda kipo pale nje. Ninamchukua mwanangu."

Wachukuzi wanne walikuwa wamechuchumaa kivulini, kweli, wanangoja.

Wakuu, nataka mlione jambo hili lilivyokuwa. Yule mama hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa ameshazika mmoja kwa kukaa kimya. Nami nilikuwa nikimwambia akae kimya. Na kama angemtia Mwanasiti juu ya kitanda kile, kwenye jua, akampeleka Munje kwenye ngoma, sidhani kama angefika akiwa hai.

Sista alitokea, akatazama umati, akaniuliza nini wanachotaka. Nikamwambia. Aliweka kidole mdomoni mbele ya watu wazima wale, kama mwalimu wa watoto. Mnunguniko ukapanda. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Huyo naye ni bubu au anatufundisha ububu?" Wakacheka, na kicheko kile nikakisikia kikiingia chumbani kupitia mgongo wangu.

Hapo ndipo nilipomwangalia Bi Riziki. Alikuwa hajasema neno. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Bi Riziki, Mwanasiti alipokuwa mwari, mlipomtia ndani, nani alikuwa akiingia kwake?"

Akanitazama kama aliyekanyagwa. "Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine. Mwari haingiliwi ovyo. Kwani wewe hukutiwa ndani? Au binti za walimu huvunja ungo vitabuni?"

"Nilitiwa, kulekule Gazi. Chumba changu kilikuwa na giza. Dirisha lilizibwa kwa mkeka. Somo wangu hakuniruhusu kusema kwa sauti, na waliopita nje walinong'ona. Watu wote walijua niko ndani, hakuna aliyesema nimetupwa."

Bi Riziki aliugeukia mlango. Akauvuta ule ufa kwa kidole kimoja, akachungulia: dirisha lililozibwa, giza, binti aliyelala ubavu, kigoda changu kando ya kitanda.

Kisha akaugeukia umati, akafungua mikono kana kwamba anafukuza kuku shambani.

"Rudini nyuma. Nyuma nimesema. Mwanasiti yuko ndani. Ni mwari. Mnajua adabu ya mwari au niwafunde upya, nyinyi mliozaa mkazeeka?"

"Mwari gani mwenye mimba?" akauliza mmoja.

"Mwari wa leo. Kesho nitakuambia jina lake jingine. Teremsha sauti."

Bi Mwanakombo alisema, "Riziki, na ngoma?"

"Mwari hapigiwi ngoma akiwa ndani, Mwanakombo. Hupigiwa akitoka. Nani alikufundisha kuanza mwisho?"

Kisha akamshika mkono. Nilimsikia akimwambia, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine kabisa: "Safari ile tulikaa bila kufanya kitu. Leo tunafanya. Hiki tunachofanya ni kazi. Kaa hapa mlangoni nami."

Bi Mwanakombo alikaa. Wachukuzi walibaki kivulini na kitanda chao.

Sijapata kuona jambo jipya likieleweka upesi kiasi kile, kwa sababu halikuwa jipya. Kila mwanamke pale aliwahi kuwa mwari, na wengi waliwahi kumkalia mwari. Hawakuhitaji kuelezwa kitu. Walijua kwamba chakula huachwa mlangoni. Walijua kwamba anayekuja hupiga hodi kwa kucha, si kwa kauli. Walijua nani akae karibu na nani mbali. Watoto walipelekwa kwenye vivuli vya mbali. Sista aliporudi akiwa tayari kugombana, alikuta baraza imejaa wanawake walioketi kwenye mikeka, wanachambua mchele kimya. Alisimama. Akavua viatu vyake, akaingia chumbani kwa soksi.

Jambo moja ndilo lililobaki kuwasumbua, nalo ni kokoto. Kila aliyepita, hata peku, zililia. Yanayofuata niliyaona kwa vipande tu, kwa kuwa sikuweza kukiacha kitanda. Wanawake waliondoka na vikapu vyao. Wakarudi na makumbi ya nazi, yale maganda yenye nyuzi, wakayachambua na kuyatandaza juu ya njia yote iliyopita chini ya dirisha letu. Juu yake wakamwaga mchanga wa pwani. Nilikuwa nikimpima Mwanasiti presha nilipogundua kwamba nimeacha kusikia nyayo. Nilidhani watu wameondoka. Nikachungulia, nikamwona mwanamke mnene akipita na ndoo ya maji kichwani, na mguu wake hautoi sauti yoyote.

La lori nilisimuliwa, na nilisimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naliamini.

Mume wa Mwanasiti alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari Ramisi. Habari zilimfikia huko kwamba mkewe anakufa. Wenzake wakampandisha lori la miwa, nao wakapanda, maana kwetu mtu haendi msibani peke yake. Dereva alikuwa na tabia ya kupiga honi kila kona. Bi Mwanakombo aliisikia kutoka mbali. Mama yule, ambaye asubuhi alitaka ngoma, alitoka mbio hadi barabarani, akavua leso yake ya juu, akaitandaza katikati ya njia, akasimama nyuma yake.

Hakuna dereva wa pwani atakayeikanyaga leso ya mama mzee aliyesimama nyuma yake.

Lori lilisimama. Alimwambia dereva, "Zima." Kisha akamwambia mkwewe maneno ambayo mama mkwe wa kwetu hamwambii mkwewe, kwa kuwa hata kutazamana hutazamana kwa haya: "Vua viatu, baba. Mkeo yuko hai. Yuko ndani." Wanaume wale wote, wakata miwa, waliteremka na viatu mkononi wakaja wakakaa chini ya ukuta, wamenyamaza kama watu walio msikitini.

Uchungu ulianza mchana huo wenyewe. Mwanasiti alikuwa nusu usingizini, akiguna bila kuamka. Mshtuko mmoja mwingine ulimjia, mfupi kuliko ya kwanza, na baada ya huo hakukuwa na mwingine. Lakini sisi hatukujua wakati ule kwamba hakutakuwa na mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya uuguzi: kukaa kana kwamba unakuja.

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, alizaliwa mtoto wa kike. Mdogo, mwembamba, wa rangi ya zambarau. Sista alimvuta kohozi, akampangusa mgongo kwa taulo, na mtoto akalia kilio kimoja kidogo, kama paka aliyefinywa. Sikuwahi kusikia kilio kitamu na cha kutisha kama kile. Nilimtazama Mwanasiti ukope. Haukucheza.

Nje, wamekwisha kusikia.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoogopa kuliko asubuhi. Mtoto amelia, na nje kuna wanawake wa Munje wasiopungua wa harusi, na kila mmoja ana kigelegele kooni. Kigelegele hakiombi ruhusa. Huo ugonjwa haumalizwi na kujifungua. Mshtuko waweza kuja baada ya mtoto, wakati ambapo watu wote wameshashukuru Mungu na kwenda kulala. Na mimi mikono yangu ilikuwa imeshika kondo la nyuma.

Nilingoja. Hakuna kilichosikika.

Nilipopata nafasi ya kuchungulia, niliwaona wote wamesimama. Wameziba midomo yao kwa ncha za leso. Mabega yalikuwa yakitikisika. Bi Mwanakombo alikuwa ameinama, ameuma leso yake kwa meno, na machozi yanamwagika mchangani. Bi Riziki alikuwa amenyanyua mkono juu, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango ambao watu wote wanausukuma.

Kulikuwa bado na babake Mwanasiti, Mzee Bakari, mwadhini wa msikiti wao. Sauti yake ilijulikana. Wavuvi walisema huisikia wakiwa nje ya mwamba. Alikuja mlangoni, kofia mkononi, akaomba amwadhinie mjukuu wake sikioni, kama ilivyo sunna. Mtoto hatukuwa na chumba kingine cha kumweka. Alikuwa ndani ya kikapu chenye pamba na chupa ya maji moto, katika kile chumba, kwa sababu muuguzi alikuwa mmoja na wa kutazamwa walikuwa wawili.

Bi Riziki akamwambia kwa mnong'ono, "Mzee Bakari, wewe hata ukinong'ona Ramisi watasikia."

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi. Kujitahidi ni sauti. Wewe pumua tu."

Aliingia peku, macho chini. Alipiga magoti kando ya kikapu, akaweka mdomo karibu na sikio la kulia la mtoto. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Sikusikia neno hata moja. Niliona tu koo lake likipanda na kushuka, na midomo ikipita kutoka tamko hadi tamko kwa mpango wake wote, bila kuruka kitu, na kishungi cha pamba kando ya shavu la mtoto kikitikisika kwa pumzi yake. Kisha sikio la kushoto. Alipomaliza hakuinuka mara moja. Alimgeukia binti yake, akamtazama, akatoka.

Nilisimuliwa kwamba magharibi ya siku ile, Munje, aliadhini hata wazee wakatoka nje kumtazama.

Kesho yake asubuhi mkojo ulianza kutoka mwingi na safi, na presha ikaanza kushuka. Wauguzi humu mnajua furaha hiyo, wengine mtashangaa kwamba mtu anaweza kufurahia chombo cha mkojo. Sista alikibeba mwenyewe, akanionyesha kama aliyeniletea zawadi.

Mwanasiti alifumbua macho karibu na adhuhuri. Ulimi wake ulikuwa mzito, ameuuma pembeni. Alinitazama, akatazama giza, akasikiliza. Neno lake la kwanza halikuwa juu ya mtoto. Alikuwa hajui bado kama amezaa.

"Mbona kimya?" akauliza. "Watu wangu hawakuja?"

Nilielewa hapo kwamba mamake alikuwa amesema kweli. Kwa mtu wa kwetu, kimya kina maana yake, na maana yake ni kwamba umeachwa.

Sikumjibu kwa maneno. Nilimwomba Sista ruhusa kwa macho, nikainua ncha ya blanketi dirishani, kiasi cha upana wa kiganja. Nje, kwenye mikeka, juu ya ule mchanga, walikuwa wameketi wote: mamake, somo wake, shangazi, majirani, na chini ya ukuta, mumewe na viatu vyake mapajani. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Bi Riziki ndiye aliyeuona ufa kwanza. Aliinua mkono wake, akaushusha.

"Wamekaa hivyo tangu jana," nikamwambia. "Wamekutia ndani."

Mwanasiti akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule ambao haukuwa na kidonda. "Na mimi mtu mzima," akasema. Kisha akalala, na huo ulikuwa usingizi wa kweli, usio wa dawa. Alipoamka nilimpa mwanawe.

Sasa funzo, nililolipata na ambalo nimewafundisha wauguzi kwa miaka yote niliyokuwa mkufunzi. Ukimwambia mtu "nyamaza" umemnyang'anya kazi yake, naye amekuja na upendo ambao hana pa kuuweka. Mpe kimya kama kazi. Tafuta ndani ya desturi yake mwenyewe mahali ambapo kimya tayari ni heshima, umsimamishe hapo. Na kwa yule kijana wa simu: mwanangu, wauguzi wale hawakukuchukia. Rudi wodini, zima simu, mshike mkeo mkono. Hilo ndilo tunalokuhitajia.

Baraza nawaachia. Ningependa kusikia kutoka kwa wauguzi na wakunga wa leo mnavyofanya jamaa wanapojaa mlangoni, na kutoka kwa wenye asili ya Kwale kama utawa wa mwari mliukuta. Nikikosea jambo la kitabibu, nisahihisheni kwa upole. Naandika kwa kidole kimoja na miwani miwili.

Nimalizie palipobaki.

Siku Mwanasiti aliporuhusiwa kwenda nyumbani, alitoka kwa miguu yake, mtoto amebebwa na Bi Riziki. Alipovuka kizingiti cha baraza na kukanyaga mchanga, Bi Riziki alimtazama Sista, Sista akaitikia kwa kichwa, na vigelegele vilivyokuwa vimemezwa vikatoka vyote. Ngoma nayo ilikuwa inangoja langoni. Mtoto aliitwa Riziki. Mwanasiti alibeba mimba nyingine baadaye, na kila moja alikuja kupimwa mapema, akifuatana na mamake. Makumbi na mchanga hatukuviondoa njiani.